Bi Taratibu na Watoto wa Upande wa Pili wa Msahafu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Bi Taratibu atastaafu rasmi baada ya kufundisha dini katika shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja na mihula miwili. Hiyo mihula miwili ameisisitiza mwenyewe. Anasema aliitumikia yote, siku kwa siku, na hataki mtu aikate eti kwa sababu kadi ya kuagia ni ndogo.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa na mkuu wa shule. Nilipomuuliza kwa nini asimpe mwalimu wa lugha, ambaye anajua kupamba maneno, alinijibu kwamba anamtaka mtu aliyegombana na Bi Taratibu kwa miaka mingi kuliko wengine wote, maana huyo ndiye anayemjua. Nikakubali. Mimi ni mwalimu wa fiqhi, yaani sheria za dini, ingawa msahafu tunausomesha walimu wote. Darasa langu na lake yamepakana ukuta kwa ukuta, na watoto wananiita Maalim Kengele. Wapo wanaosema ni kwa sababu kengele ya shule huigonga mimi, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya sauti yangu. Sijaona haja ya kufanya uchunguzi.

Jina la Bi Taratibu naye alipewa na watoto, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Mtoto akianza kukimbiza usomaji kama anafukuzwa, utamsikia akimwambia taratibu, mwanangu, taratibu. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe akitembea hana utaratibu hata kidogo. Ukikutana naye kwenye korido asubuhi mpishe, la sivyo utapigwa kikumbo na mkoba wake, na mkoba ule si wa mchezo. Una kalamu, pini, sindano na uzi, vitambaa vya kufutia watoto mafua, na siku moja tuliona bisibisi. Bisibisi ni ya mumewe, fundi bomba, ambaye atatajwa tena huko mbele kwa wema.

Alipopata habari kwamba mwandishi ni mimi, alinipa sharti moja tu: niandike na kosa lake. Alisema nikiandika sifa tupu atasimama katikati ya sherehe alieleze mwenyewe, na kwa jinsi ninavyomjua, angesimama kweli. Kwa hiyo kosa lipo, wala sitalifunika.

Lakini kwanza niseme jambo lililomnyima raha mwaka huu wote. Wazazi wapya huenda hawajui kiti cha pembeni ni nini. Ni kiti cha mbao, mguu wake mmoja umefungwa kipande cha mpira ili kisiyumbe, kimewekwa dirishani katika darasa lake, kando ya kiti kingine kama hicho. Kila mtoto wa shule hii, mara moja kwa wiki, hukaa pale na kumsomea Bi Taratibu kwa dakika tano. Hakuna wa kumfuatisha, hakuna wa kumnong'oneza, na hakuna wa kumcheka. Watoto ni mia moja na themanini. Hebu piga hesabu uone: ni saa tatu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka hadi mwaka.

Basi kila tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, alitujibu kwa swali: nani atakaa kwenye kiti cha pembeni? Tukimtajia saa ya ukutani, nani atakaa? Tukimtajia kitambaa kizuri cha nguo, nani atakaa? Kamati ya shule ilikuwa imeshaanza kuzungumza chini chini kwamba akiondoka yeye, kiti nacho kipumzike, na watoto warudi kusoma kwa pamoja kama zamani. Walimu hatutoshi, na saa tatu ni nyingi. Alilijua hilo. Kustaafu kwenyewe hakukumsumbua, alishaandaa hata mahali pa kupanda mboga zake. Alichoogopa ni kwamba watoto wataacha kusikilizwa.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na tisa, kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda kujifungua. Aliambiwa ni miezi mitatu. Mwenzake akajifungua mapacha, akatuma salamu kwamba mikono yake imejaa, na miezi mitatu ile ndiyo hii tunayoiaga leo. Alipewa darasa la mwisho, ambalo sote tulilikimbia, kwa sababu liko jirani na mabomba ya udhu na maji yalikuwa yakidondoka mchana kutwa. Humo alikuta watoto arobaini na watatu na misahafu kumi na mmoja.

Wakati ule hilo halikumshangaza mtu. Tulifanya kama tulivyofanyiwa sisi. Msahafu mmoja unawekwa juu ya marufaa, kile kibao cha kukunjuka cha kuegemezea kitabu, na watoto wanne wanaketi kuuzunguka: wawili upande huu, wawili upande wa pili wakiwatazama wenzao. Mwalimu anatangulia, darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Na sauti ilikuwa sauti kweli! Darasa langu lilisikika hadi kituo cha basi. Wapita njia walisimama, wengine wakafuta machozi, na mimi kifua kikanijaa. Mzazi akija kuandikisha mtoto, hakuuliza silabasi wala nini. Alisimama barabarani akasikiliza, kisha akaingia.

Bi Taratibu alifundisha hivyo hivyo kwa miaka mitatu na ushei, tena kwa bidii, na kafimbo kembamba mkononi. Hakuwa mkali kuliko sisi wengine. Fimbo tulikuwa nayo sote, na mimi yangu ilikuwa na jina.

Mwaka wa nne likaja kasha la misahafu mipya kutoka kwa msamaria mwema ambaye mpaka leo hatumjui. Misahafu ilitosha kila mtoto kushika wake. Weee, ilikuwa furaha! Watoto walinawa mikono mara mbili mbili bila kuambiwa. Bi Taratibu akaigawa mmoja mmoja, akaita jina, akatabasamu, akaita jingine. Akafika kwa binti wa fundi cherehani, mtoto wa miaka tisa, mmoja wa wasomaji wake bora, sauti tamu, hakosei. Binti akaupokea msahafu kwa mikono miwili, akaubusu, akauweka mbele yake, akaupindua juu chini.

Darasa likacheka. Bi Taratibu akausimamisha vizuri. Binti akaupindua tena. Akausimamisha mara ya pili, huku akimwambia aache mchezo na Kitabu cha Mungu. Binti akautazama msahafu uliosimama sawasawa, akatazama wenzake, akaupindua. Hapo mwalimu akaona ni kejeli. Akamchapa viganja viwili, mbele ya wote, akamsimamisha mlangoni mpaka kengele. Binti hakulia. Mimi nilikuwa nimechungulia kwa sababu ya kile kicheko, na nilimwambia Bi Taratibu kwamba viganja viwili ni vichache. Nayaandika haya kwa sababu kama kosa lake limeandikwa, na langu lisiachwe nje.

Kesho yake binti hakuja. Alikuja baba yake, fundi cherehani, na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, ameushika ule msahafu umeviringishwa katika kitambaa safi. Hakuja kugombana. Alikuja kuurudisha. Alieleza kwa upole kwamba mtoto amesema msahafu huu hauwezi, huu umeandikwa kinyume, na anaomba arudishiwe ule wa zamani.

Bi Taratibu aliupokea, akaufungua, akaupindua juu chini kama alivyofanya mtoto. Kisha akamwomba fundi amlete binti yake mara moja, akatandika mkeka, akaweka marufaa katikati, akafungua msahafu, na akamketisha binti pale alipokuwa akiketi siku zote, upande wa pili. Akamwambia asome. Binti akasoma kama maji, kidole kikipita juu ya kila herufi, hakukosea hata moja. Miaka mitatu alikuwa ameketi upande ule. Herufi zote alizijua, ila alizijua zikiwa miguu juu.

Aliporudi ofisini, Bi Taratibu alikuwa amepauka uso. Wiki ile yote hakufundisha lolote jipya. Aliita mtoto mmoja mmoja, akampa msahafu mkononi, akamwambia asome peke yake. Kati ya arobaini na watatu, saba walisoma vizuri kwa kupindua kitabu. Kumi na wanne hawakujua herufi kabisa. Walikuwa wamekariri sauti za wenzao, na vidole vyao vilitembea tu juu ya karatasi kwa adabu. Mmoja wa hao kumi na wanne tulikuwa tumempa zawadi ya usomaji bora mwaka uliotangulia. Zawadi ile niliikabidhi mimi.

Jumatatu iliyofuata alifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia tangu nizaliwe. Alimsimamisha binti wa fundi cherehani mbele ya darasa, naye akapiga magoti ili macho yao yalingane, akamwomba msamaha. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye kosa ni mwalimu, kwamba yeye ndiye aliyemketisha upande ule na hakuwahi hata siku moja kuzunguka kwenda kuona anachokiona mtoto. Kisha akakivunja kile kifimbo, akakitia kwenye pipa la taka la jikoni. Niliambiwa na watoto wangu, na nikakasirika sana. Niliona ametuvua nguo walimu wote. Mtoto akishaombwa msamaha leo, nilisema, kesho atatuomba kiti. Basi ndivyo ulivyoanza ugomvi wetu, na ulidumu.

Binti alirudi, lakini alikuwa amefunga mdomo. Alikuwa anaogopa kitabu. Ndipo Bi Taratibu akaweka viti viwili dirishani, bega kwa bega, wakaketi upande mmoja wakitazama kurasa zile zile. Hakumlazimisha kuugeuza msahafu. Aliuacha juu chini kama binti alivyouzoea, na kila wiki akausogeza kidogo, upana wa kidole, mpaka jicho la mtoto lizoee. Katikati ya muhula msahafu ulikuwa umelala ubavu, na wote wawili wameinamisha shingo kama kuku wanaosikiliza kitu. Nilipita dirishani nikacheka peke yangu. Wiki ya mwisho ya muhula msahafu ulisimama wima, na binti akasoma ukurasa mzima bila kugundua kwamba umesimama. Bi Taratibu alilia, na siku hiyo sikucheka.

Kutoka hapo akala kiapo kwamba hakuna mtoto atakayepita mikononi mwake bila kusikilizwa peke yake. Jambo dogo, ungesema. Thubutu! Ili umsikilize mmoja, arobaini na wawili lazima wanyamaze au wasome kwa sauti ya chini, na madrasa iliyonyamaza barabarani inaonekana imekufa. Wazazi wakaanza kuuliza kama mwalimu anaumwa. Mmoja aliwahamisha wanawe watatu akawapeleka penye kelele. Kamati ikamwita, ikampa mpaka mwisho wa mwaka: akija mtahini, darasa lake likionekana liko nyuma, atarudi kwenye usomaji wa pamoja au atafute kazi kwingine. Nilikuwamo katika kikao kile, na nilinyoosha mkono kukubaliana na kamati.

Kikwazo chake kikubwa, kichekesho, hakikuwa kamati wala mimi, kilikuwa yale mabomba. Watoto wenye sauti ndogo hakuweza kuwasikia kwa mlio wa maji. Mumewe akaja Alhamisi mbili mfululizo baada ya kazi, akafungua mabomba yote tisa, akabadilisha mipira, akafunga, akanywa kopo moja la maji, akaenda zake. Tangu siku hiyo birika letu la udhu halijadondoka. Maimamu watatu wa msikiti wetu wamepita hapa na kila mmoja alidhani ni yeye aliyelitengeneza.

Mtahini aliyekuja mwaka ule alikuwa sheikh mzee wa shule nyingine, mtu wa haraka, ambaye kwa kawaida alisikiliza kila darasa kwa dakika kumi, akaomba dua, akaondoka. Alianza na langu. Tuliimba, nasema kweli, kuta zilitikisika. Akaridhika. Akiwa anatoka, sijui nini kilimwingia, akamwelekea mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele na kumwomba amsomee peke yake aya mbili za pale pale tulipoishia. Yule mtoto akafungua mdomo. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Alikuwa anawasubiri wenzake waanze. Akaendelea kuwasubiri, mdomo wazi, mpaka sheikh akampapasa kichwa na kumwambia aketi.

Kwa Bi Taratibu, sheikh aliambiwa tangu mlangoni kwamba hapa hakuna kuimba, hapa ni kukaa kitako na kusikiliza. Akatazama saa. Akasikiliza watatu, akasikiliza watano, akavua koti. Watoto ishirini na tisa walisoma wenyewe kutoka ukurasa wowote aliowafungulia. Waliobaki, mwalimu wao alimweleza bila kuficha kila mmoja amefika herufi gani na tatizo lake ni nini, pamoja na mmoja ambaye tatizo lake lilikuwa macho na alihitaji miwani, si fimbo. Sheikh alitoka pale adhana ya alasiri ikiwa inaadhiniwa. Aliiandikia kamati mistari miwili. Wa kwanza ulisema darasa la mwisho liachwe kama lilivyo. Wa pili ulinihusu mimi, na kwa ruhusa yenu sitaunukuu.

Uso ulinishuka. Miezi miwili nilimwitikia salamu kwa kichwa tu. Yeye hakubadilika. Kila asubuhi alinisalimu kwa ukamilifu, akaniulizia mke wangu, akaniulizia mama yangu na goti lake, akapita na mkoba wake. Kilichonimaliza si yeye, ni binti yangu wa kwanza. Alikuwa darasani kwangu, na siku moja tukiwa tunakula aliniuliza, kwa heshima zote, kama anaweza kuhamia kwa Bi Taratibu, kwa sababu kule mtu anasikika. Nililirudisha tonge sahanini. Jumatatu yake nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe, mlango wa pili, hatua kumi na mbili. Bi Taratibu alimpokea kama mtoto mwingine yeyote, wala hakunitazama kwa jicho la kushinda. Ningekuwa mimi, ningetazama.

Miaka iliyofuata madarasa yote yakaanza kupeleka watoto wao kwenye kiti cha pembeni, na mabadiliko mengine mengi yakafuata. Fimbo ziliondoka, moja baada ya nyingine, na yangu yenye jina iliondoka ya mwisho. Watoto walipangwa kwa kiwango cha kusoma, si kwa urefu. Kila sura ndefu ikawa na siku ya maana, ambapo hakuna kukariri chochote, mnakaa na kuulizana inatuambia nini sisi tunaoishi leo, tunaogombania kalamu na kusengenyana. Akaanzisha pia sanduku la maswali, ambalo zamani lilikuwa kasha la viatu. Mtoto anaandika swali bila jina, na Alhamisi yanasomwa yote, hakuna linalorukwa.

Sanduku lile limenitoa jasho. Mimi nimelelewa katika usiulize ya wakubwa. Mtoto mmoja aliuliza kama malaika wa bega la kushoto huwa anachoka akipangiwa mtu kama kaka yake. Mwingine aliuliza kama swala inafaa ikiwa umeswali kwa sababu tu mama amekutazama. Mwingine aliandika kwa herufi zinazotetemeka kwamba bibi yake amefariki akiwa hajui kusoma, je, ataambiwa nini huko? Nilikuwa zamu siku hiyo. Nilibaki na kikaratasi mkononi. Bi Taratibu alikichukua taratibu, akasema kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa akimsikiliza bibi yule kila siku ya maisha yake, hata alipokuwa anatafuta maneno. Akaongeza kwamba hapo mwisho wa elimu yake umefika na zaidi ya hayo hajui, na kwamba mwalimu anaruhusiwa kusema hajui. Nyuma ya darasa kulikuwa na mtoto mmoja aliyeinamisha kichwa, na sote tukajitia hatujamwona.

Sijasema kwamba ni malaika. Husahau chai mpaka iote ngozi, kisha hulaumu birika. Huvaa viatu vya watu mlangoni, na mara moja alikwenda mpaka nyumbani na makubazi ya mkuu wa shule, saizi arobaini na tano. Kwenye vikao akikataa jambo amekataa, unaweza kumletea kamati nzima na majirani zake. Mumewe ameniambia kwamba hata nyumbani hasikilizwi mpaka amalize sentensi vizuri.

Nije sasa kwenye kile kiti. Mwezi uliopita kamati iliuliza katika kikao cha walimu nani yuko tayari kukirithi. Tulitazama meza. Mwalimu mmoja alifungua daftari lake, mwingine akafunga lake. Bi Taratibu alikuwa ameketi kwenye kona, mikono juu ya mkoba, na nilimwona anatuhesabu mmoja mmoja kwa macho. Nikajikaza, nikanyoosha mkono. Ni mkono ule ule nilionyoosha miaka ishirini na minane iliyopita kumpinga. Nilijisikia vizuri sana, nilidhani kazi imekwisha.

Kumbe bado. Tulipotoka aliniambia kwamba hakuna anayekaa kusikiliza watoto kabla hajasikilizwa yeye. Nikacheka. Yeye hakucheka. Mchana ule watoto walipokwisha kuondoka, niliketi kwenye kiti cha pembeni, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, magoti yamegusa ukuta, nikaambiwa nichague sura yoyote. Nikachagua ile niliyoisomesha tangu ndevu zangu zikiwa tatu, ili tumalize haraka. Nikasoma. Alinifuata kwa kidole juu ya ukurasa. Nilipomaliza akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie, taratibu.

Mara ya tatu akakisimamisha kidole chake mahali pamoja na hakukiondoa. Palikuwa na maneno matatu pale ambayo sikuyasoma. Nikatazama. Nikasoma tena, na mdomo wangu ukayaruka tena, mwenyewe nikijisikia. Hapo nikaelewa. Pale ndipo ninapovutia pumzi. Siku zote, nikiwa mbele ya darasa, hapo huvuta pumzi na watoto huendelea, kisha mimi hudakia mbele. Na nilipokuwa mtoto mwenyewe, katikati ya wenzangu, nilivuta pumzi pale pale na wao wakanibeba. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza nikiwa peke yangu.

Nilimuuliza ni watoto wangapi nimewaharibu. Akanijibu kwamba hakuna hata mmoja, wao maneno yale waliyasoma kila siku, aliyekuwa anabebwa ni mimi. Nililia pale dirishani kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuniambia ninyamaze. Alisubiri, akanipa kitambaa kutoka kwenye mkoba, akarudisha kidole chake mahali pale, tukaanza upya. Ilinichukua siku nne kuyasoma maneno matatu bila kuyaruka. Alikuwa hajamwambia mtu. Nimeyasema mimi.

Tangu hapo nimekaa kwenye kiti chake kila siku, naye ameketi kando yangu akinisikiliza ninavyosikiliza. Aliniambia kosa langu kubwa ni kuwadakia watoto neno kabla hawajalipata wenyewe. Kila nilipodakia alinikanyaga mguu, na siku ya kumi akaacha. Walimu wengine wawili wamejitokeza, na wao wamesikilizwa, na yaliyowapata ni siri yao. Wiki iliyopita kamati iliandika katika kumbukumbu zake kwamba kiti kinabaki.

Bi Taratibu, dada yetu, tumekusanyika kukushukuru na maneno hayatutoshi. Umewafundisha watoto wetu kuipenda dini yao bila kuiogopa, nasi walimu wao umetufundisha kunyamaza. Umetusamehe wengi hapa, na baadhi yetu hatujakuomba bado. Mimi nakuomba leo, mbele ya watu. Tunakuombea siha, macho yasiyochoka, mboga zinazoota, mume asiyeitwa kazini siku za mapumziko, na usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele ya mtu yeyote. Mungu akulipe kwa kila mtoto uliyemsikiliza.

Na Jumatatu, ukiwa nyumbani, ukitazama saa na moyo ukaanza kukusukuma uvae viatu, kaa kitako, dada yangu. Saa mbili na nusu mtoto wa kwanza atakuwa ameketi dirishani, msahafu umefunguliwa mbele yake, anasoma, na mimi nitakuwa nimenyamaza.